Hamira ya Wifi

Bi Chachu hakupewa jina hilo kwa sababu ya mikate. Alipewa akiwa na miaka saba, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuumuka: ukimgusa kidogo tu, mashavu yanavimba na maneno yanamwagika. Mikate ilikuja baadaye, na watu wakaona kwamba jina nalo limepata kazi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, na duka lake la mikate lilitazamana na kiwanda kidogo cha bia cha wifi yake. Mtaani hapo hakuna asiyejua kwamba wanawake hao wawili hutaniana kwa matusi kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwamba ole wake mtu wa tatu atakayejaribu kuwapatanisha.

Wifi huyo alikuwa mjane wa kaka yake. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha bia, akipima joto la matangi ya watu wengine. Kiwanda cha nyuzi cha pale mtaani kilipofungwa, na mtaa ukalala usingizi wa pono, yeye alikodi chumba kilichokuwa cha kutia nyuzi rangi, akasugua sakafu mpaka wekundu na ubuluu ukatoka, akaweka matangi matatu. Watu walicheka. Bi Chachu alicheka kuliko wote. Alisema hadharani, tena dukani mbele ya wateja, kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kupanda basi saa mbili nzima kufuata bia wakati bia iko kwenye kila kona ya mji.

Walipanda basi. Kwanza walikuja wanne, wakiwa na daftari za kuandikia ladha, jambo ambalo lilimfanya kinyozi atoke nje kuwatazama. Mwezi uliofuata wakaja kumi na mbili. Mwaka wa pili ilikuwa kila Jumamosi, na hapo ndipo mtaa ulipofumbua jicho moja. Fundi cherehani, aliyekuwa amebakiza kazi ya kupunguza suruali, alianza kushona aproni na mifuko ya turubai. Kinyozi alipaka ukuta rangi. Mkulima aliyekuwa akilima shayiri kidogo kwa ajili ya ng'ombe wake aliongeza shamba, akaja kuwa mtu wa kuongea kwa kujiamini, jambo ambalo wengi hawakulipenda. Na machicha, yale makapi ya kimea, shayiri iliyooteshwa, yanayobaki baada ya kupika, Bi Chachu aliyakausha, akayasaga, akayachanganya na unga. Mkate ukatoka wa rangi ya udongo, wenye harufu ya karanga. Wageni walikuwa wakiununua hata kabla haujapoa.

Yeye mwenyewe hakunywa bia hata tone. Lakini faida yake aliila.

Kulikuwa na shida moja tu, nayo ilikuwa kubwa moyoni mwake. Wageni walifika saa nne asubuhi na kuondoka saa saba mchana. Aliyewaleta alikuwa mwanamume mwembamba wa kampuni ya matembezi, mwenye saa mkononi na nyingine mfukoni, ambaye mtaa ulimwita Bwana Ratiba. Saa saba alipuliza filimbi, watu wakapanda basi, na mtaa ukabaki na makombo.

Juu ya duka lake Bi Chachu alikuwa na vyumba vitatu. Zamani viliwekwa magunia ya unga, lakini alivisafisha, akaita seremala, akaweka vitanda. Majirani nao walifanya hivyo hivyo, mpaka mtaa mzima ukawa na vyumba tisa, na vyote tisa vilikuwa vitupu. Bi Chachu hakutaka vyumba vijae ili atajirike. Alitaka vijae ili kitindamimba wake arudi nyumbani.

Binti huyo alifanya kazi ya mapokezi katika hoteli ya mji wa mbali, mwendo wa siku nzima. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili mama yake alipanga namna ya kusema jambo lile lile bila kulisema. Siku moja uvumilivu ulimwisha, akalisema: rudi, mwanangu, uje tuendeshe vyumba. Binti hakukataa. Alisema kwa upole tu, "Mama, natamani hata leo. Lakini niache kazi nije kutandika vitanda ambavyo hakuna anayelala? Siku wageni wakianza kulala, niambie."

Kwa hiyo Bi Chachu alimwandama Bwana Ratiba. Alimpa mkate, akamsifia koti, akamuuliza habari za mama yake. Hatimaye yule bwana alichoka kusumbuliwa, akasema, "Sikia, mama. Jumamosi ya mwisho wa mwezi naleta watu kumi na wanane. Nikiona wageni wenyewe hawataki kupanda basi, nabadilisha safari zote ziwe za kulala. Wakipanda, tusiongee tena habari hii."

Karibu wiki nne kabla ya Jumamosi hiyo, Bi Chachu alifanya jema.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kila Jumatatu alivuka barabara na jagi, akachota hamira ya bia kwenye mtungi wa kioo uliokaa katika friji ya kiwandani, akaenda kuumulia unga wake. Wifi yake alimruhusu, mradi abakize ya kutosha. Jumatatu ile wifi alikuwa ameenda kwa mkulima kutazama shayiri, na Bi Chachu alikuwa na oda ya mikate ya harusi. Akachota. Akachota tena. Alipotazama, mtungi umebaki na kina cha kidole.

Sasa, Bi Chachu alilelewa na mama aliyeamini kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiazima chumvi, unarudisha chumvi, tena na ziada. Kumwachia wifi mtungi mtupu ilikuwa aibu ambayo angesimangwa nayo mpaka kaburini. Basi alirudi dukani, akafungua ndoo yake ya hamira ya mkate, akajaza mtungi mpaka shingoni. Rangi ilifanana, povu lilifanana. Aliufunga, akaurudisha kwenye friji, akajisikia mtu mwema. Hakumwambia wifi yake, kwa sababu wema unaotangazwa si wema.

Siku mbili baadaye wifi akapika bia ya rangi ya asali, ile iliyokuwa ikiwavuta watu, akamimina ndani yake mtungi wote.

Ijumaa alasiri, wageni wakitarajiwa kesho yake, Bi Chachu alivuka barabara kupeleka mkate, akamkuta wifi yake amepiga magoti ndani ya beseni kubwa akisugua bomba kwa brashi. Macho yalikuwa mekundu. Kwa miaka yote waliyofahamiana, Bi Chachu alikuwa amemwona akilia mara moja tu, siku ya msiba.

"Kuna nini?"

"Onja. Ah, wewe huonji. Nusa."

Alimpa glasi. Bia ya asali ilipaswa kuwa safi, ukiweka kidole nyuma ya glasi unakiona. Hii ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Bi Chachu alinusa, akanusa tena, kwa maana harufu ile aliijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Ilikuwa ndizi zilizoiva kupita kiasi, na nyuma ya ndizi, unga uliolala usiku kucha. Ilikuwa harufu ya ndoo yake.

"Ilipaswa kuwa imetulia tangu wiki iliyopita," wifi alisema. "Bado inatoa povu. Matangi mengine mawili yalimalizwa Jumamosi iliyopita. Nimeosha kila kitu mara tatu, wifi. Nadhani ni mimi. Nimeanza kuzeeka, sioshi tena inavyotakiwa. Kesho nitamwambia Bwana Ratiba kwamba tangi langu ni chafu, awarudishe watu."

Hapa lazima tuseme ukweli, Bi Chachu hakufungua kinywa mara moja. Alisimama na ile glasi, akafikiri mambo mabaya kadhaa. Alifikiri kwamba bomba huenda kweli lilikuwa chafu. Alifikiri kwamba jambo lililokwisha kuharibika haliharibiki zaidi kwa kunyamaza. Alimfikiria binti yake akisema "siku wageni wakianza kulala", na akaona jinsi yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alivyoifukuza siku hiyo. Kisha akatazama chini, akaona vidole vya wifi yake vimekunjamana kwa sabuni, na wifi bado anasugua bomba lisilo na kosa.

"Acha kusugua," alisema. "Ni hamira yangu."

"Hamira gani?"

Akaeleza. Alieleza harusi, jagi, kina cha kidole, ndoo. Alipofika kwenye mama yake na chombo kisichorudi kitupu, alikuwa akiongea na glasi, si na wifi.

Wifi alitoka kwenye beseni taratibu, maji yakimchuruzika magotini. "Ulinitilia hamira ya mkate kwenye bia."

"Nilikurudishia."

"Ulinirudishia!" Akapaza sauti mpaka kinyozi akachungulia ng'ambo, akarudi ndani haraka. "Mimi nimekesha siku tatu najiona kikongwe, kumbe ni wewe na malezi yako! Ningekuwa na adui, wifi, asingeniweza hivi. Adui angeiba mtungi tu akaenda zake!"

"Nipige."

"Nikupige nichafue mikono?" Akakaa juu ya kreti, akafunika uso kwa aproni, mabega yakaanza kutikisika. Bi Chachu akadhani analia tena, akasogea kumshika, akakuta anacheka. "Eti ukajaza mpaka shingoni! Hata kubakiza kidogo hukubakiza!"

"Na ziada," alisema Bi Chachu, na machozi yakamtoka yeye.

Walikaa pale kwenye kreti bega kwa bega. Wifi alimwambia kwamba mbegu safi ya hamira ipo, kichupa kimoja kwenye friji ya nyumbani kwake, nyuma ya mayai, alikificha tangu mwaka juzi akiotesha mbegu mpya ndani yake kila msimu, kwa kuwa alijua ipo siku atahujumiwa, ila hakujua hujuma itatoka ndani ya ukoo. Lakini mbegu si bia. Bia ni wiki tatu, na wageni ni kesho.

"Watakunywa nini? Maneno?"

Bi Chachu alipangusa pua. "Mikate ikichelewa, mimi simfukuzi mteja. Namkaribisha nyuma, namfunga aproni, akande mwenyewe. Mtu akishatia mkono kwenye unga haondoki mpaka uive. Wapikishe, wifi. Wape mwiko."

"Kupika bia si chapati. Ukianza saa nne, saa saba ndiyo kwanza maji ya kimea yanataka kuchemka. Mpaka upoze, mpaka utie hamira, ni saa kumi na moja jioni. Na Bwana Ratiba anapuliza filimbi saa…"

Hakumaliza. Walitazamana.

"Saa saba," alisema Bi Chachu.

Kesho yake basi lilifika saa nne kamili. Wageni kumi na wanane walishuka wakiwa na kiu na kofia. Wifi alisimama mlangoni akawaambia ukweli wote bila kuupaka sukari: bia ya leo imeharibika, aliyeiharibu ni huyu hapa, wifi yangu, mwoka mikate mashuhuri, kwa sababu ya adabu iliyozidi. Akampa kila mmoja robo glasi aonje kilichotokea. Walikunja nyuso, wakacheka, isipokuwa bwana mmoja mwenye ndevu aliyesema mbona ni tamu, anaomba chupa sita. Wifi alikataa. Alisema kilichoandikwa ubaoni ni bia ya asali, na hiyo siyo, na yeye hauzi uongo hata kama una mnunuzi.

"Sasa sisi tumekuja kufanya nini?" aliuliza Bwana Ratiba, uso umembadilika.

"Kupika," alisema wifi, akamkabidhi aproni.

Kimea kilimwagwa kwenye maji ya moto, na harufu ikapanda, harufu ya nafaka tamu iliyojaza chumba hadi barabarani. Mwiko wa wifi ulikuwa mrefu kama kasia, na ulihitaji watu wawili. Mama mmoja mnene, mwalimu mstaafu, aliushika na kugoma kuuachia, akawapanga wenzake kwa zamu kana kwamba wako darasani. Mwenye ndevu alipewa kipimajoto, akawa akisoma namba kwa sauti kila baada ya dakika tano bila kuulizwa. Fundi cherehani aliishiwa aproni saa nne na nusu. Mkulima wa shayiri alikuja kueleza habari za udongo, akaongea mno, na kwa mara ya kwanza watu walimsikiliza. Machicha yalipotoka, Bi Chachu aliyabeba ndoo mbili kuvuka barabara, na nusu ya wageni wakamfuata kwenda kukanda mkate nayo. Alifundisha, akakaripia, akasahau kabisa saa.

Akaikumbuka aliposikia filimbi.

Ilikuwa saa saba. Bwana Ratiba alisimama kando ya basi, unga kwenye mkono wa koti, filimbi mdomoni. Bi Chachu alitoka mlangoni na kusimama. Hakuna aliyepanda. Bwana Ratiba alipuliza tena. Mwalimu mstaafu akatokeza kichwa mlangoni mwa kiwanda, uso unang'aa kwa mvuke.

"Wewe! Nimekoroga kwa saa tatu. Inaanza kuchemka sasa hivi, na wewe unapuliza filimbi?"

"Ratiba, mama…"

"Ratiba ya nani?" Akageukia barabara nzima. "Hapa kuna mahali pa kulala?"

Bi Chachu alijitokeza katikati ya barabara. Aliinua vidole tisa.

Kisha akapanda ngazi zake mbili mbili kama msichana. Mashuka aliyokuwa ameyahifadhi tangu mwaka jana aliyatoa kabatini, lakini kona hazikukubali kukaa. Akachukua simu, siku isiyo Jumapili.

"Mwanangu, kona ya shuka mnaikunjaje huko hotelini?"

"Kuna nini, mama? Unahema."

"Wanalala."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa. Kisha binti akasema, kwa sauti ya kazini lakini si ya kazini hasa, "Inua godoro. Vuta upande, laza juu, chomeka chini, halafu ushushe. Sasa ya pili." Alikaa naye kwenye simu vitanda vyote sita, kona baada ya kona.

Saa kumi na moja jioni wifi alimimina mbegu kutoka kwenye kile kichupa cha nyuma ya mayai, akamwamuru Bi Chachu asimame mbali mita tatu, na watu wakapiga makofi. Aliwaambia kwamba wakiamka wataisikia inapumua. Na kweli. Jumapili asubuhi wageni walikuja na vikombe vya chai, wakainama mmoja mmoja kwenye ndoo ambamo bomba la tangi lilikuwa limezamishwa, na mapovu yalikuwa yakipanda, madogo madogo, blup, blup. Mwalimu mstaafu alisema ni mjukuu wake, akaagiza aitwe itakapokuwa tayari. Kumi na mmoja kati yao waliandikisha majina ya kurudi baada ya wiki tatu.

Bwana Ratiba alikuja dukani kabla ya kuondoka. Alikuwa hajanyoa, na saa ya mfukoni aliisahau chumbani kwa fundi cherehani. Alikula kipande cha mkate akiwa amesimama.

"Kuanzia mwezi ujao," alisema. "Zote za kulala. Lakini wifi yako asiharibu kila wiki."

"Aliyeharibu ni mimi."

"Basi wewe usiharibu."

Basi lilipoondoka, Bi Chachu alikaa juu ya gunia la unga na kupiga simu. Alikuwa amepanga maneno. Angeanza kwa salamu, afuatishe hali ya hewa, aje na habari polepole ili asionekane anambana mtoto wa watu na maisha yake. Binti alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.

"Mama, amesemaje?"

"Zote," alisema Bi Chachu. "Zote za kulala." Na maneno mengine yote yakampotea.

"Una vyumba vitatu, sivyo?"

"Vitatu."

"Basi kodisha viwili. Kimoja ni changu."

Bi Chachu alilia kwa sauti kubwa kiasi kwamba wifi yake alivuka barabara mbio na ndoo ya maji, akidhani ameungua.